Shaka ya Muuguzi Mpya na Adabu ya Kuitumia

Muuguzi aliyefuzu chuoni, akafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupata leseni yake, aghalabu hudhani kwamba siku atakayoshika zamu bila mkufunzi kando yake ndiyo siku hofu zake zitakapokoma. Kumbe siku hiyo ndipo zinapoanza. Hazipiti wiki nyingi ila humjia fikira anayoona haya kumwambia mtu: kwamba cheti alikipata kwa bahati, kwamba wenzake wote wanajua asichokijua yeye, na kwamba iko siku atafichuka. Katika kazi yangu ya kufundisha wauguzi nimelisikia neno hili mara nyingi, tena kwa waliokuwa hodari darasani. Nami nina yakini kwamba shaka hiyo ni sehemu ya kujifunza kazi, na kwamba mwenye kuijulia adabu yake hunufaika nayo.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili tangu zamani. Mwaka 1974 Marlene Kramer wa Marekani alitoa kitabu kilichoeleza kwa nini wauguzi vijana wa nchi yake walikuwa wakiikimbia kazi, akabainisha kwamba kilichowavunja moyo ni umbali uliopo baina ya uuguzi waliofundishwa na uuguzi waliokutana nao hospitalini. Chuoni mwanafunzi hupewa mgonjwa mmoja, akamwogesha, akamsikiliza na kumwandikia mpango wa huduma kwa utulivu; wodini hukabidhiwa wagonjwa wengi kwa pamoja, glavu zimepungua, ndugu wa mgonjwa wanauliza, na simu ya maabara haipokelewi. Kwanza hufurahia kazi mpya, kisha hupatwa na mshtuko na hasira, kisha hupata nafuu kidogo kidogo hata akatulia. Anayejua kwamba mshtuko huo una mwisho wake haufanyi kuwa hukumu juu ya nafsi yake.

Miaka 10 baadaye, katika 1984, Patricia Benner, naye muuguzi wa Marekani, alieleza kwamba muuguzi hupitia madaraja matano, tangu mubtadi hata bingwa, na kwamba daraja la tatu, la mtu anayeimudu kazi yake kwa mpango, hufikiwa aghalabu baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja. Mathalan, daktari ameagiza lita moja ya maji ya chumvi iingie kwa saa 8. Muuguzi mpya anaijua hesabu: ikiwa mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa mililita, basi yanatakiwa matone 42 kwa dakika, naye husimama kitandani, saa mkononi, akiyahesabu kwa uaminifu. Muuguzi mkongwe akipita hapo humwona mzazi aliyejifungua alfajiri midomo imempauka, humshika kifundo cha mkono, huyahisi mapigo yanakwenda mbio ilhali presha iliyoandikwa failini bado ni njema, na papo hapo hufunua shuka atazame damu, kwani ameona mara nyingi kwamba mapigo hutangulia kupanda kabla presha haijashuka. Yule mpya, ambaye jambo hilohilo alilisoma na kulijibu katika mtihani, husema moyoni kwamba yeye si muuguzi. Hapo amejidhulumu, maana ameupima mwezi wake wa kwanza kwa kipimo cha miaka 20 ya mwenziwe.

Shaka basi ziko mbili. Moja huuliza juu ya kazi: je, huyu ndiye mgonjwa sahihi, na dawa, na kipimo, na njia, na wakati? Hiyo ni hadhari, na hata bingwa haimwachi. Ya pili hushtaki nafsi, ikasema, "Sifai." Dawa yake ni kuigeuza iwe swali linalojibika: "Sista, sijawahi kuandaa magnesiamu, naomba usimame nami nikipima." Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wodini anayeficha asichokijua humhatarisha mgonjwa kabla ya kujihatarisha mwenyewe.

Huzuni iliyo kubwa kupita zote huja mgonjwa anapofariki mikononi mwa muuguzi mpya. Nasaha yangu ni hii: asiende nayo nyumbani peke yake, bali aketi na mkubwa wake wa zamu, walifungue faili, na wayagawe yaliyotokea mafungu matatu: ugonjwa wenyewe na hali aliyofika nayo mgonjwa, upungufu wa hospitali, kama vile damu iliyokosekana, na yale ambayo yeye angeweza kuyafanya vizuri zaidi. Kuyabeba yote matatu ni kujidhulumu, na kuyakana yote ni kumdhulumu mgonjwa ajaye. Lakini ikiwa kukosa usingizi, kulia na kutotamani lolote kumezidi majuma mawili, huenda ikawa ni sonona, maradhi yanayotibika, na kumwendea tabibu kwa ajili yake si aibu.

Wakubwa wa wodi nao wana faradhi yao. Wasimkaripie mubtadi mbele ya wagonjwa. Wasimwache peke yake katika zamu za usiku za mwanzo. Wala wasimhamishe wodi kila mwezi, kwa kuwa umahiri hukua mahali mtu anapoyaona mambo ya namna moja yakijirudia. Na wewe, muuguzi mpya, kila mwisho wa mwezi andika jambo moja uliloliogopa mwezi uliopita na ambalo sasa unalifanya bila kuuliza. Daftari hilo, likisomwa baada ya mwaka mmoja, litatoa ushahidi wa haki juu yako kuliko kauli yoyote ya moyo uliochoka.