Rada Iliyojificha Nyuma ya Nembo ya Gari

Mkulima wa Mkotokuyana, Nachingwea, anayepeleka korosho kwenye chama cha msingi hakubali gunia lipandishwe kabla hajaona mzani umesimama kwenye sifuri. Anajua pia kwamba Wakala wa Vipimo hupita kuihakiki mizani hiyo kila mwaka. Magari kadhaa yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani yamebeba kipimo kingine ambacho sifuri yake haionekani kwa macho, na mnunuzi aghalabu haulizi habari zake. Ni rada. Kampuni ya Toyota ilipoanza kutumia mfumo wa Safety Sense mwaka 2015, katika magari mengine iliificha rada hiyo nyuma ya nembo ya mbele. Ikiona hatari humwonya dereva, na asipochukua hatua, inaweza kushika breki yenyewe.

Moyo wa rada hii ni chipu inayorusha mawimbi ya gigahezi 76 hadi 81. Urefu wa wimbi moja ni takriban milimita 4. Chipu hupandisha masafa ya wimbi kwa mpangilio maalumu, kisha hulinganisha mwangwi unaorudi na wimbi linaloondoka wakati huohuo. Tofauti ya masafa huonyesha kitu kiko umbali gani, na badiliko la mwangwi mmoja hadi mwingine huonyesha kinakwenda kasi gani. Hayo mawili ni mepesi kiasi. Kazi ngumu ni kujua kitu kiko upande gani.

Ili kujua upande, chipu hutumia antena kadhaa za kupokea, zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 2 hivi. Mwangwi wa ng'ombe aliyesimama pembeni mwa barabara huifikia antena moja mapema kidogo kuliko jirani yake, na kutokana na tofauti hiyo hesabu ya pembe hufanyika. Kwa antena mbili zinazopakana, njia ya ishara ikizidi kwa sehemu 3 tu za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele, pembe hukosewa kwa nyuzi 1. Umbali wa mita 100, nyuzi 1 ni mita 1.75. Hiyo inatosha kumhamisha mwendesha baiskeli wa pembeni akaonekana yuko katikati ya njia, au lori lililo mbele likaonekana limekaa kando.

Ni vigumu kwa kiwanda kutengeneza njia zinazofanana kwa usahihi huo. Ndiyo maana upimaji na usahihishaji hufanyika baada ya chipu kufungwa kwenye bodi yake. Rada huwekwa katika chumba ambacho kuta zake hunyonya mawimbi, na mbele yake husimamishwa kiakisi cha chuma cha pande tatu, mahali panapojulikana kwa usahihi. Kila antena husomwa, kasoro yake hupimwa, na masahihisho huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kifaa.

Masahihisho hayo pekee hayatoshi. Chipu ikipata joto, nguvu inayorusha hushuka na mlingano wa njia zake huyumba. Kwa hiyo ina kipimajoto ndani yake, na hujirekebisha kadiri joto linavyopanda, huku ikijikagua kama mitambo yake bado inafanya kazi. Ikigundua hitilafu, inapaswa kujizima na kuwasha taa ya onyo kwenye dashibodi.

Lakini kuna kosa ambalo chipu haiwezi kuligundua kwa urahisi: kuelekezwa vibaya. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi na barabara zetu. Matuta ya barabara za changarawe hutikisa kishikizo hadi kikalegea. Magunia yakirundikwa nyuma msimu wa korosho, pua ya gari huinuka na rada hutazama juu. Tope bichi hunyonya mawimbi. Na gari likigongwa kidogo, fundi bodi huziba ufa wa bampa, hupaka rangi yenye chembe za chuma tabaka juu ya tabaka, au hubandika nembo ya bei nafuu iliyopakwa kromu. Gari hutoka gereji likimeremeta huku rada yake ikitazama kupitia ukuta.

Kwa maoni yangu, gari lolote lililofunguliwa bampa au grili ya mbele lisirudishwe kwa mwenyewe kabla rada haijapimwa upya. Kazi yenyewe inahitaji sakafu iliyo sawa, matairi yenye upepo sahihi, gari lisilo na mzigo, kiakisi kilichowekwa kwa vipimo vya mtengenezaji na mashine ya kuzungumza na kompyuta ya gari. Gereji isiyo na vifaa hivyo imwambie mteja waziwazi, na mfumo uzimwe hadi upimwe. Dereva anayejua kwamba hana msaidizi atakuwa macho zaidi kuliko anayemtegemea msaidizi aliyepotoka.

Yapo magari yanayokamilisha upimaji yakiwa mwendoni, kwa kutazama nguzo na kingo za chuma za pembeni. Hayo yanahitaji barabara iliyonyooka na mwendo wa kutosha, kwa hiyo anayetengenezewa gari Nachingwea achague kipande cha lami chenye alama na nguzo, si njia ya vumbi ya kuelekea shambani.