Mto Uliowaka Moto na Barabara za Baiskeli Kandoni Mwake

Yapo mabonde ambayo mtu huyasifu kwa kuyatazama tu, na yapo ambayo sifa zake hazikamiliki mpaka ijulikane yalikotoka. Bonde la mto Cuyahoga, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ni la namna hii ya pili. Leo ni mbuga ya taifa yenye ukubwa wa ekari 33,000 hivi, kati ya mji wa Cleveland upande wa kaskazini na mji wa Akron upande wa kusini. Hutembelewa na watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, nao hawalipi kiingilio. Miongoni mwa wageni hao wamo waendesha baiskeli wengi, vijana kwa wazee, wanaozifuata barabara zake za lami na vilima vyake.

Tumeona vyema kulieleza bonde hili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya ndugu zetu Wabarawa waliopata hifadhi Mombasa katika miaka ya 1990 walihamia Columbus, mji mkuu wa jimbo hilo, na kutoka huko hadi bondeni ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Wenye jamaa kule wataweza kuwapelekea habari hizi. Pili, kisa cha mto huu kinatuhusu sote tunaoishi mahali ambapo mito humwagikia baharini.

Mto wenyewe

Cuyahoga ni mto wa ajabu kwa mwendo wake. Huanzia si mbali na ziwa Erie, ukateremka kusini kana kwamba unalikimbia ziwa hilo, kisha ukifika karibu na Akron hugeuka na kurudi kaskazini hadi kumwagikia ziwa lile lile. Umbo lake ni kama herufi U. Barafu kubwa iliyofunika nchi ile zama za kale ndiyo iliyoupinda mto, na ndiyo iliyoacha udongo laini uliochongwa na maji ukawa bonde lenye kingo ndefu. Kutoka ukingoni mwa mto hadi juu ya vilima ni kiasi cha mita 100 za mwinuko. Mita hizo kwa mwenye gari si kitu. Mwenye baiskeli huzihesabu moja moja.

Mwaka 1827 ulifunguliwa mfereji wa mashua baina ya Akron na Cleveland, na kufikia 1832 mfereji huo ulikuwa umeliunganisha ziwa Erie na mto Ohio. Mashua zilivutwa na baghala waliotembea kwenye njia nyembamba kandoni mwa maji. Mafuriko ya mwaka 1913 yaliuharibu mfereji ukaachwa, lakini njia ya baghala haikufutika. Leo imetandazwa kokoto laini za chokaa, na ndani ya mbuga ina urefu wa kilomita 32 hivi kwa ajili ya wenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Barabara za kupita

Kwa familia yenye watoto, njia hiyo ya baghala ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa ni tambarare na haina magari. Hupita juu ya kinamasi kilicho karibu na barabara ya Ira, mahali palipokuwa jaa la vyuma vya magari mabovu. Katika miaka ya 1980 wakazi wa karibu waliyaondoa mataka yale. Biva, mnyama mgugunaji ajengaye mabwawa kwa vijiti na matope, walikuwa wamerudi bondeni, nao wakayazuia maji kwa kazi ya meno yao. Sasa pana ndege, kasa wa maji matamu na mayungiyungi.

Kwa anayetaka lami, barabara ya Riverview hufuata ukingo wa magharibi wa mto kutoka Brecksville hadi pembezoni mwa Akron, mwendo wa kilomita 25 hivi, na sehemu yake kubwa haina vilima vya kutisha. Mzunguko unaopendwa huanzia kijiji cha Peninsula: mtu hushuka kusini kwa Riverview, akavuka mto kwa barabara ya Bath, kisha akarudi kaskazini kwa barabara ya Akron Peninsula iliyo ng'ambo ya pili. Kwenye barabara ya Bath, mwanzoni mwa machipuko, huonekana viota vya korongo wa kijivu juu ya miti isiyo na majani. Aliyechoka mapema aweza kuufupisha mzunguko kwa kuvuka kwenye barabara ya Bolanz, ambako wakati wa kiangazi huuzwa mahindi mabichi ya mashamba ya pale pale.

Ama vilima, vipo pande zote mbili. Upande wa magharibi barabara za Snowville na Wheatley hupanda kutoka Riverview bila ya huruma; upande wa mashariki zipo Quick, Truxell na Boston Mills. Si mipando mirefu, lakini ni mikali, na mtu aliyezoea barabara za pwani yetu atahitaji gia nyepesi na subira. Njia ya hekima ni kuanza polepole, kwani anayekimbilia kilima chini humalizia kwa kuisukuma baiskeli.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuteremka. Msimu wa majani kupukutika, majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na kulungu hukatiza barabara bila ya taarifa. Breki zikaguliwe kabla ya safari, kofia ngumu ivaliwe na mkubwa kama mdogo, na watu waendeshe kwa mstari upande wa kulia, kama ilivyo desturi ya barabara za nchi ile. Sheria ya Ohio, tangu mwaka 2017, inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi isiyopungua futi 3. Sheria hiyo imeokoa nafsi au haikuokoa, adabu ya dereva ndiyo itakayoamua.

Asiye na nguvu za kurudi anayo hila nyingine. Reli ya kale hupita bondeni, na gari moshi la watalii huwapakia waendesha baiskeli pamoja na baiskeli zao. Mtu husimama kituoni na kuipunga mikono yote miwili juu ya kichwa ili dereva amwone. Ni vyema kuuliza mapema, kwani mmomonyoko wa kingo za mto umewahi kuzikatiza safari hizo.

Gharama ya uzuri huu

Tarehe 22 Juni 1969, huko Cleveland, mto huu uliwaka moto. Maji yenyewe hayaungui. Kilichoungua ni mafuta na taka za viwanda zilizoelea juu yake. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani ulikuwa umewaka mara nyingi kabla ya hapo, na watu walikuwa wamezoea. Safari hii aibu iliwaingia. Habari zilienea nchi nzima, na mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya taifa ya maji safi. Mwaka 2019, miaka 50 baada ya moto ule, mamlaka za Ohio zilitangaza kuwa samaki wa mto huo wanalika. Mwaka 2020 bwawa la zamani lililokuwa Brecksville likabomolewa ili maji yapite huru.

Bonde nalo liliokolewa kwa sheria. Mbunge wa Akron, John Seiberling, alilipigania lisimezwe na majengo ya miji miwili, na mwezi Desemba 1974 Rais Gerald Ford akatia saini. Mwaka 2000 likapewa daraja la mbuga ya taifa.

Lakini hatuna budi kuusema na upande wa pili, ambao mgeni juu ya baiskeli haujui. Bondeni mlikuwa na watu. Serikali ilinunua mamia ya nyumba, nyingine kutoka kwa wenyewe wasiotaka kuuza, na nyingi zikabomolewa. Walioondoka waliondoka na uchungu, na baadhi yao walizeeka nao. Baadaye wasimamizi wenyewe walitambua kuwa bonde lisilo na mkulima limepungukiwa, na kuanzia mwaka 1999 wakaanzisha mpango wa kuyakodisha mashamba ya kale kwa wakulima wapya, kwa mikataba ya miaka mingi. Ni jambo jema, ila haliwarudishii nyumba wale waliozipoteza.

Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa uzito wa ardhi. Tunajua kuwa neno "hifadhi" laweza kuwa rehema kwa mto na msiba kwa jirani yake. Tunajua pia kuwa mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya Malindi, huteremka na maji yaliyopita Nairobi, na kwamba aliye chini ya mto hunywa adabu ya aliye juu. Cuyahoga unatufunza kuwa mto uliokatiwa tamaa waweza kurudi uhai ndani ya umri wa mtu mmoja, iwapo watu wataona haya na sheria ikawa na meno. Unatufunza vilevile kuwa mwenye kuisafisha nchi aanze kwa kuwauliza wanaoishi juu yake.

Basi jamaa zetu wa Ohio watakapoziteremka barabara za Snowville na Wheatley, nawaisimamishe baiskeli kidogo penye daraja lenye paa la Everett. Mafuriko ya mwaka 1975 yalilichukua lile la asili. Mwaka 1986 likajengwa upya kwa mfano wa lile la kale, na magari hayaruhusiwi kulipita. Hapo ni pahala pazuri pa kupumzika, na pa kuwasimulia watoto habari za mto uliopata kuwaka moto.