Dubwana la Bahari Mbali na Bahari

Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale ziko mbali na bahari. Hata hivyo, sinema za madubwana ya baharini hazikosi watazamaji katika vibanda vya video vya Uganda, ambamo mfasiri husimulia kwa sauti yake juu ya picha.

Mwaka 1954 Mmarekani Roger Corman alitayarisha sinema iitwayo Monster from the Ocean Floor kwa siku chache na fedha haba. Dubwana lake lenye jicho moja huonekana kwa nadra. Na kwa kufichwa, likatisha zaidi. Jaws ya mwaka 1975 nayo ilimficha papa wake, kwa kuwa papa wa mashine aliharibika mara kwa mara.

Sisi wanajeshi twalijua jambo hilo: adui asiyeonekana hutisha kuliko aliye wazi.

Lakini kiboko wa Ziwa Nakivale si wa kuigiza. Usiku hutoka majini kwenda malishoni, alfajiri hurejea. Basi wazazi, wafundisheni watoto wachotao maji: dubwana la sinema hutoweka taa ziwashwapo, kiboko aliyezibiwa njia huua.