Madhabahu Kando ya Mto
(Somo: Yoshua 22:10-34)

Leo tunataka kuzungumza nanyi habari ya ukumbusho: jinsi watu wakaao mpakani wawezavyo kukumbuka mambo ya zamani bila kufufua vita.

Makabila ya Reubeni na Gadi, na nusu ya kabila la Manase, walipewa urithi ng'ambo ya Yordani. Walipokuwa wakirudi makwao walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao waliposikia walikusanyika Shilo, tayari kupigana nao, wakidhani wamemwasi Bwana. Lakini kwanza walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani Eleazari, na wakuu kumi pamoja naye, wakaulize. Kumbe madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Ilikuwa ya ukumbusho, ili siku zijazo watoto wa upande mmoja wasiwaambie watoto wa upande wa pili kwamba hawana fungu kwa Bwana. Finehasi akarudi na habari njema, na vita havikuwako.

Angalieni, jiwe lilelile upande mmoja lilikuwa ukumbusho, na upande wa pili lilionekana kuwa uasi. Aliyeokoa maisha ya watu ni yule aliyevuka mto akauliza. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Sisi wa Chwele, chini ya Mlima Elgon, tu watu wa mpakani. Sokoni kwetu Mbukusu, Msabaot na Mteso hupimiana vitunguu na mahindi. Lakini kila jamii ina madhabahu yake ya kumbukumbu. Wabukusu husimulia vita vya 1895, ngome za Lumboka na Chetambe zilipoangushwa na majeshi ya Waingereza. Husimulia Malakisi, ambako polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa mwezi wa Februari 1948. Mzee mashuhuri akifa, msemaji wa kumuse husimama mbele ya waombolezaji akaeleza walikotoka na jinsi iwapasavyo kuishi.

Wasabaot nao husimulia malisho ya Trans Nzoia yaliyochukuliwa na walowezi, na jinsi wenzao walivyoondolewa Chepkitale, ilipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, wakapewa makao Chebyuk. Ugawaji wa mashamba ya Chebyuk ulizaa ugomvi. Kati ya 2006 na 2008 kundi lenye silaha liitwalo Sabaot Land Defence Force liliua mamia ya watu, Wasabaot wenyewe na majirani zao. Machi 2008 jeshi la serikali likaingia, na wanaume wengi wakakamatwa na kuteswa.

Watoto waliozaliwa siku zile sasa ni vijana. Hawakuyaona hayo, wameyasikia tu, na kila mmoja amesikia ya nyumbani kwao. Hatari iko hapo. Kisa cha upande mmoja ni kuni kavu, kinangoja kibiriti cha mwanasiasa.

Je, tufanyeje? Tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliteketeza kanisa kuu la Coventry, Uingereza. Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani zikauteketeza mji wa Dresden, Ujerumani. Lakini mwaka 1965 vijana kutoka Coventry walisafiri mpaka Dresden, wakasaidia kujenga upya hospitali ya Kikristo iliyobomolewa na mabomu. Hawakukana vifo vya baba zao. Walivuka mto.

Shule zetu zaweza kufanya vivyo hivyo. Wanafunzi wa Chwele wakae siku chache Kopsiro au Cheptais, kisha wenzao waje kwetu. Kwanza, kila mwanafunzi amwulize mzee wa nyumbani kwake, aandike aliyoyasikia. Pili, wakifika ugenini, siku ya kwanza iwe ya kusikiliza bila kujibu. Maswali yangoje kesho yake. Mjane asilazimishwe kusema. Tatu, watafute yale wanayoshiriki. Watastaajabu: marika ya Wabukusu yaitwayo Chuma, Kolongolo na Nyange, kwa Wasabaot na Wakalenjini wengine yasikika Chumo, Korongoro na Nyongi. Watu wasiowahi kukaa pamoja hawaitani majina namna hiyo. Mwisho, wafanye kazi moja kwa mikono yao: kupanda miti, au kumlimia mzee asiye na mtu.

Wengine watasema ni afadhali kunyamaza, tusitoneshe kidonda. Tunaelewa hofu hiyo. Lakini Bwana wetu alipofufuka hakuficha makovu yake. Aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu, na papo hapo akawapa amani. Kovu lililoonyeshwa kwa upendo halidai kisasi.

Basi wazazi, mtoto wako akikuuliza habari za miaka ile, mwambie kweli yote, hata ile isiyosifu jamii yako. Nawe mwalimu, fungua mlango. Nasi wachungaji tutangulie, kama Finehasi alivyotangulia.

Tuombe. Ee Bwana, tupe moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Uwafariji waliofiwa pande zote za mlima huu. Uwafanye watoto wetu kuwa mashahidi wa amani yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.