VIDEO ZA KUHARAKISHA MUDA: NAMNA ZINAVYOTENGENEZWA



Bila shaka mmewahi kuona video ambayo mawingu yanakimbia, magari yanapita kama siafu na jua linazama kwa nusu dakika. Video hizi huitwa taimulapsi. Wengi hudhani zinahitaji mitambo ya gharama kubwa, kumbe simu ya kawaida, hesabu ndogo na subira vinatosha.

Asili yake

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1901, mjini New York, jumba la maonyesho la Star Theatre lilikuwa likibomolewa. Kampuni ya filamu ya Biograph iliweka kamera ng'ambo ya barabara, ikapiga picha moja kila baada ya dakika 4, saa 8 kwa siku. Watazamaji wakaliona jumba zima likishuka hadi chini kwa muda mfupi tu.

Hesabu yake

Video ni picha nyingi zinazopita mbele ya macho, aghalabu 25 kwa sekunde. Katika taimulapsi tunapiga picha moja kila baada ya sekunde kadhaa, kisha tunazionyesha kwa kasi ileile ya 25.

Tuchukue mfano wa Mbagala Rangi Tatu jioni, watu wanaporudi kutoka Kariakoo na Posta. Ukipiga picha 1 kila sekunde 2 kwa nusu saa, utapata picha 900. Gawanya kwa 25, utapata video ya sekunde 36. Muda umeharakishwa mara 50.

Kwa watu na magari, sekunde 1 au 2 zinafaa. Kwa mawingu, sekunde 5. Kwa ujenzi wa nyumba, picha 1 kwa siku, mahali palepale na saa ileile: siku 300 zitakupa sekunde 12.

Matayarisho

1. Simu isitikisike hata kidogo. Tumia kigoda cha kamera, au iegemeze kwenye tofali imara.
2. Funga kipimo cha mwanga. Kwenye simu nyingi hufanyika kwa kubonyeza kioo bila kuachia. Usipofunga, video itapepesa kila wingu likipita.
3. Chaji betri, punguza vitu ndani ya simu, na zima mawasiliano ili simu ya mtu isikatize kazi.
4. Kaa pembeni, mbali na barabara. Hakuna picha yenye thamani ya maisha yako.

Kamera inayotembea

Ikiwa kamera nayo inasogea, video huitwa haipalapsi. Chagua kitu kirefu kisichohama, mathalani mnara wa msikiti au nguzo ya taa ya Uwanja wa Azam Complex hapa Chamazi. Piga picha, songa hatua moja, piga tena. Kila mara hakikisha kitu hicho kipo katikati ya kioo. Hatua 300 ni sekunde 12 za video. Kikihama katikati, mtazamaji ataona kizunguzungu.

Amana ya mpigaji

Watu wanaopita hawakukuomba uwapige. Simama mbali ili sura zisitambulike, usielekeze kamera kwenye milango na madirisha ya watu, na omba ruhusa kwa mwenye eneo. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nasi tumefundishwa sitara hata kabla yake.

Jambo jingine ni ukweli. Foleni ya saa nzima huonekana kichekesho ikipita kwa dakika moja, lakini mama aliyesimama pale na mzigo alisimama saa nzima. Hivyo andika chini ya video muda halisi ulioupunguza, ili anayetazama asidanganyike.

Zoezi la kwanza

Simamisha kijiti wima uani, penye jua, kisha elekeza simu kwenye kivuli chake kuanzia adhuhuri. Piga picha 1 kila sekunde 10. Saa 3 zitakupa picha 1,080, yaani sekunde 43. Mtaona kivuli kikirefuka kuelekea alasiri, jambo mnalolisoma katika mlango wa nyakati za swala. Mkiliweza hilo, mtaiweza na Rangi Tatu.