Shangingi, Mbuga na Springi za Kanda ya Ziwa

Barabara za vumbi za Usukumani hupita juu ya mpangilio wa udongo ambao wakulima wa eneo hilo waliupa majina muda mrefu kabla ya wataalamu kuuchora kwenye ramani: kando ya vilima vya mawe ya itale kuna luseni, yaani udongo wa kichanga, chini yake kuna itogolo, ambao hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zinapoanza. Ni mpangilio wa namna hii uliomwezesha Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na makao yake Amani katika milima ya Usambara, kueleza katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa mteremko mmoja hushikamana kama pingili za mnyororo, na wazo lake linafundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Kwa mwenye gari, maana yake ni kwamba safari moja ya kutoka Mwanza kwa njia za vumbi kuelekea Magu, Lamadi na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti inaweza kudai mambo matatu tofauti kutoka kwa springi zilezile, bado hayajahesabiwa mawe ya vichochoro vya Bugarika na Mabatini mjini Mwanza.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kubadilisha saspensheni ya gari kubwa, yaani ule mfumo wa springi, shokapu, bushi na vyuma vya kuungia unaokaa kati ya magurudumu na chesisi. Magari yenyewe, ambayo Watanzania huyaita mashangingi, mara nyingi ni Toyota Land Cruiser za matoleo mbalimbali, na vifaa vya kuyaimarisha hutoka zaidi Australia, nchi yenye barabara ndefu za vumbi na wapenzi wengi wa gari hilo. Old Man Emu na Ironman ni majina yanayofahamika katika gereji za Afrika Mashariki. Wanunuzi wengi huvutiwa na kimo, kwa sababu seti ya kawaida huinua gari kwa takriban milimita 50 na kulipa umbo la kutisha, lakini kimo ni sehemu ndogo kabisa ya faida yake, na kwa gari ambalo maisha yake ni kati ya mtaa wa Capripoint na uwanja wa ndege wa Mwanza ni hasara tupu.

Kazi ya springi ni kubeba uzito na kuhifadhi nguvu ya mshtuko kwa muda mfupi kabla ya kuirudisha. Kwa hiyo springi huchaguliwa kwa kuangalia mzigo ambao gari hubeba siku zote, wala si mzigo wa safari moja ya mwaka. Bampa la chuma lenye winchi, tangi la pili la dizeli la lita 90, ambalo likijaa huongeza kilo 75 hivi za mafuta peke yake, maji lita 60, hema la juu ya paa, abiria watano na mizigo yao hufikisha kwa urahisi nusu tani juu ya gari ambalo, kama ni Land Cruiser 200 ya dizeli, tayari lina zaidi ya tani 2.5 likiwa tupu. Gari la watalii au la mgodini Geita lenye mzigo wa namna hiyo kila siku hukaa kitako nyuma likiwa na springi za kiwandani, na kila shimo huligongesha hadi mwisho wa mwendo wa ekseli. Springi ngumu zaidi hulirudisha kwenye usawa wake. Lakini springi hizohizo zikifungwa kwenye gari tupu, gurudumu hurukaruka badala ya kufuata ardhi, abiria huchoka, na mshtuko ambao springi ilipaswa kuumeza huhamia kwenye bushi, kwenye bodi na kwenye mabano ya chesisi, ambayo hatimaye hupasuka.

Shokapu, ambayo wengi hudhani ndiyo inayobeba gari, haibebi chochote cha maana. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na kwa njia hiyo nguvu ya springi inayocheza hugeuzwa kuwa joto, kisha joto hilo hutoka kupitia bomba la nje kwenda hewani. Barabara iliyofanya mawimbi mafupi kama bati huonyesha udhaifu wa kifaa hiki kuliko shimo lolote: gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa juu ya mawimbi yaliyoachana kati ya nusu mita na mita moja hupigwa kati ya mara 17 na 33 hivi kila sekunde, mafuta ya shokapu huchemka, huchanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halizuii kitu. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na mkia wa gari unataka kupita mbele. Ndiyo sababu shokapu za kazi nzito huwa na bomba pana lenye mafuta mengi zaidi, na hujazwa gesi ya nitrojeni ambayo kwa mgandamizo wake huchelewesha povu hilo. Mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, akipita mara kwa mara barabara ya hifadhini kutoka Ndabaka kuelekea Kirawira, aanze na shokapu nzuri na aache springi za zamani mahali pake kama bado ni nzima.

Ifahamike pia kwamba hakuna shokapu inayoweza kuiponya barabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la fizikia la Physical Review Letters ulionyesha kwamba gurudumu likiburutwa juu ya mchanga kwa kasi inayozidi kiwango fulani huzaa mawimbi hata kama halina springi wala shokapu, na kwamba chini ya kiwango hicho mchanga hubaki tambarare. Kiwango chenyewe ni cha chini mno kwa madereva wenye haraka.

Tofauti za matoleo huamua ugumu wa kazi. Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambayo mitaani hujulikana kwa mkonga wake wa kuvutia hewa, ina ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma. Nyuma hubebwa na springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mbele, tangu mwaka 1999, hubebwa na springi za kuzunguka, yaani koili. Kuiinua si kazi ngumu. Land Cruiser 100 ya mwaka 1998, ambayo kila gurudumu lake la mbele husogea peke yake, haina koili mbele bali ina fito za chuma zinazojipinda, na kukaza boliti moja kila upande kunatosha kulinyanyua gari bila kununua kifaa chochote. Urahisi huo ni mtego, kwa sababu mkono wa gurudumu huwa umekwishaning’inia karibu na mwisho wake, hivyo gurudumu likikuta shimo halina nafasi ya kushuka, na sivi jointi, yaani viungo vinavyopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu ya mbele, huzunguka zikiwa zimekunjwa kupita kiasi mpaka mipira yake ikachanika na grisi ikamwagika.

Katika gari lenye ekseli nzima, kasoro inayojitokeza baada ya kuinua ni ya pembe ya kasta, ambayo ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, gari likitazamwa kwa ubavu. Uma wa baiskeli umelala kidogo kwa sababu hiyohiyo: mwinamo huo ndio unaolifanya gurudumu litake kurudi katikati lenyewe. Gari likipanda milimita 50, ekseli ya mbele huzunguka kidogo na kasta hupungua, kisha dereva anayeteremka lami ya Usagara na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa mwaka 2025, hugundua kwamba gari linatangatanga na upepo wa ziwa unalisukuma. Dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, ambazo huirudisha ekseli kwenye mwinamo wake. Vilevile kile chuma kirefu kinachofunga ekseli upande mmoja na chesisi upande wa pili, ambacho mafundi hukiita Panhard, huivuta ekseli nzima pembeni kidogo gari linapopanda, na huhitaji kubadilishwa kwa kingine chenye urefu unaorekebishika.

Ufungaji wenyewe hufanyika kwa siku moja katika gereji yenye vifaa, na hatua yake ya hatari ni kushughulikia koili iliyobanwa, kwani nguvu iliyofungiwa humo inatosha kuvunja mkono wa fundi. Gari husimamishwa kwa stendi za chuma chini ya chesisi, si kwa jeki peke yake. Mipira ya breki hufunguliwa kwenye vishikizo vyake kabla ekseli haijashushwa ili isikatike, na kama haina urefu wa kutosha hubadilishwa. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ndogo mno: boliti za bushi za mpira hazikazwi moja kwa moja wakati gari liko juu ya stendi, bali magurudumu yakishagusa chini na uzito ukishatulia, kwa sababu bushi iliyokazwa magurudumu yakiwa yananing’inia huishi imejikunja na huchanika kabla ya wakati. Fundi mwenye haraka hukaza palepale alipo, na mteja hurudi baada ya miezi michache akilalamikia ubora wa bushi.

Baada ya hapo gari hupelekwa kufanyiwa alaimenti, taa za mbele hushushwa ili zisiwapofushe wanaokuja, na kama kuna vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kwa kupima mzigo, mkono wake hurekebishwa, kwani gari lililopanda huidanganya vali hiyo kwamba halijabeba kitu. Boliti zenye umbo la U zinazofunga springi za mabamba kwenye ekseli hununuliwa mpya, kwa kuwa zile za zamani zimekwishavutika, na nati zake hukazwa tena baada ya kilomita 500 za mwanzo. Fundi wa Nyakato au Igoma anayemwandikia mteja kilomita hizo kwenye risiti, pamoja na uzito ambao springi zimekusudiwa kubeba, anastahili kulipwa zaidi ya yule anayepima kazi yake kwa vidole kati ya tairi na madigadi.