Hati za Safari ya Ng'ambo

Ukisimama juu ya mwamba wa Irente utaona Mazinde kule chini, na barabara kuu inayokwenda Dar es Salaam. Wengi wameteremka mlima huu kwenda mbali. Wengine wamekwenda Makka kuhiji. Wengine wamekwenda Oman kufanya kazi. Wote walihitaji hati, na hati ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa.

Wazee wengi wa milimani walizaliwa nyumbani, hawana cheti. Mtu kama huyu aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Lushoto. Hapo vizazi huandikishwa kwa niaba ya RITA. Achukue ushahidi alio nao, kama vile cheti cha ubatizo au cheti cha kumaliza shule. Ofisi ya Uhamiaji hutaka cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha Taifa.

Sasa tuzungumze juu ya jina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme cheti kinasema Zaina, na kitambulisho kinasema Zainabu. Kijijini huyo ni mtu mmoja. Lakini ofisa wa Uhamiaji hamjui. Yeye anasoma herufi, na herufi zinamwonyesha watu wawili.

Kwa hiyo weka hati zako zote mezani. Soma jina la kwanza, la pili na la tatu, herufi kwa herufi. Soma na tarehe ya kuzaliwa. Mama mmoja wa darasa langu aligundua kosa la jina lake mwenyewe. Alikuwa amekitunza cheti kile sandukuni miaka mingi, ila hakuweza kukisoma. Ukiona tofauti, ikasahihishwe kwanza. Usikate tiketi kabla ya hapo.

Tangu mwaka 2018 Tanzania hutoa pasipoti ya kielektroniki. Ya mtu mzima hudumu miaka 10. Fomu yake hujazwa kwa kompyuta. Kama huijui kompyuta, omba kijana akusaidie, lakini kaa karibu naye. Soma kila neno kabla hajaituma. Kisha utakwenda Uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole.

Uliza pia habari za viza na chanjo. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Anayekwenda kuhiji huchanjwa pia homa ya uti wa mgongo.

Uwanja wa ndege mizigo hupitishwa kwenye mashine. Mkanda na simu huvuliwa na kuwekwa pembeni. Je, unampelekea mwanao asali au jamu ya Irente? Iweke katika sanduku kubwa. Vitu vya majimaji katika mkoba wa mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa, na asali huhesabiwa hivyo. Chupa kubwa itachukuliwa, hata ukilia.

Ukifika, pasipoti ni yako. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walinyang'anywa pasipoti na waajiri, wakashindwa kurudi. Kabla ya kuondoka, toa nakala ya ukurasa wenye picha na nakala ya mkataba wa kazi. Ziache nyumbani kwa ndugu anayejua kusoma.